Kuja Mtwara peke yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilikuja Mtwara mwaka 2016 kukagua vitabu vya hesabu vya vyama vya msingi vya korosho. Kazi ilikuwa ya miezi mitatu. Bado nipo. Nimelala gesti za kila aina, nimepanga vyumba katika mitaa minne, na nimerudi nyumbani saa ambazo mama yangu hajawahi kuambiwa. Ndiyo maana mwalimu wa ajira mpya, mwanafunzi wa chuo, mnunuzi wa korosho au dada wa Dar anayetaka bahari isiyo na makelele, wote wakipewa namba yangu huniuliza mambo yaleyale. Nimeyaweka hapa. Majibu ni ya mwanamke anayeishi peke yake na kutoka kazini magharibi. Ratiba yako ikiwa nyingine, pima mwenyewe.

Mtwara ni salama kwa mtu aliye peke yake?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Wizi wa huku mara nyingi ni wa simu iliyosahauliwa mezani, ndoo na kandambili zilizolala nje, au mkono unaopenya kwenye nondo za dirisha na kuvuta suruali iliyotundikwa karibu. Kwa miaka yote hii nimeibiwa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimeacha mwenyewe. Kinachowatesa wageni wengi ni giza na umbali. Unashuka mahali, umeme umekatika, barabara pana haina mtu, na nyumba uliyoelekezwa iko ng'ambo ya shamba la minazi.

Mbona mitaa iko mbalimbali hivi?

Lawama ziende kwa karanga. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walitaka kulima karanga kwa maelfu ya ekari Nachingwea, zishuke kwa treni hadi pwani, zipakiwe kwenye bandari yenye kina kirefu. Mji ukachorwa kwa ajili ya umati uliotarajiwa: barabara pana, makazi ya wakubwa kando ya bahari, biashara kule, wafanyakazi kwingine, na katikati nafasi za kujengwa baadaye. Mradi ukavunjwa mwaka 1951. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zikiwa zimeshageuka hadithi. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo tuna kata inaitwa Reli, na reli yenyewe hakuna.

Umati haukuja kwa wakati uliopangwa, na zile nafasi zikabaki. Gesi na kiwanda cha saruji cha Dangote vimeleta watu na kuziba baadhi, lakini bado ukitoka mtaa mmoja kwenda mwingine unaweza kupita kipande kirefu cha mikorosho, nyasi na viwanja vyenye msingi tu. Mchana ni matembezi matamu kabisa. Saa tatu usiku ni habari nyingine. Mgeni anatazama ramani ya simu, inamwambia dakika kumi na nane kwa miguu, anatembea. Ramani haimwambii kwamba dakika kumi na mbili kati ya hizo hakuna taa wala mlango wa kubishia hodi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza afikie wapi, na mimi humuuliza: utakuwa unarudi saa ngapi?

Haya, narudi usiku. Nifikie mtaa gani?

Chikongola na maeneo ya katikati ya mji. Kuna maduka, wakala wa pesa, mama lishe, na vijiwe vya bajaji ambavyo havilali mapema. Utalipia kwa usingizi, maana spika ya duka la jirani haina adabu. Lakini ukishuka kwenye bajaji saa nne usiku kuna mtu anauza ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha kwenye sinia, kuna vijana wanacheza drafti chini ya taa, na mlango wa gesti uko hatua kumi. Kwa siku mbili tatu za mwanzo, hapo ndipo ninapowapeleka wageni wangu wote, hata wenye pesa ya kulala pazuri zaidi.

Majengo ni pazuri kwa sababu ambayo wengine wanaikimbia: watu wamebanana. Vibaraza vinatazamana, wazee wamekaa nje hadi usiku, watoto wanajua kila anayeingia na alichobeba. Nilikaa Majengo mwaka mmoja na nusu. Siku moja nilirudi na mwanamume, mfanyakazi mwenzangu aliyenisaidia kubeba mtungi wa gesi. Asubuhi yake bibi wa nyumba ya pili akaniuliza kwa upole kabisa kama shemeji yao ni mtu wa wapi. Ukiona hilo ni kero, usikae Majengo. Mimi nilikasirika wiki nzima, kisha nikafikiri: yule bibi ndiye mlinzi wangu, na hanilipishi.

Ligula ni kimya, lakini hospitali ya rufaa ya mkoa ipo hapo, na palipo na hospitali kubwa watu hutembea usiku kucha na usafiri haukosekani. Anayesafiri na mgonjwa, au mwenye presha na sukari, nampeleka huko moja kwa moja.

Chuno ndiko ninakoishi sasa. Wafanyakazi wengi, nyumba za kupanga zenye ukuta na geti. Mgeni wa siku mbili hatapapenda, kwa sababu jirani yupo nyuma ya ukuta na hakujui. Mwenye mkataba wa mwaka atapapenda.

Rahaleo, Vigaeni na Magomeni ni mitaa ya watu wa kawaida, kodi nafuu, na wengi waliokaa huko hawana la kulalamika. Naliendele ni nje ya mji. Kama kazi yako iko kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kaa hukohuko. Kama haiko huko, nauli za bodaboda zitakumaliza.

Na Shangani? Watu wote wananiambia Shangani.

Wanaokuambia hivyo wamekuja na gari. Shangani ni nzuri: bahari ipo, miti mikubwa, hoteli, nyumba za zamani zenye viwanja vipana. Ni ule upande wa wakubwa kwenye mchoro wa Waingereza. Ukikaa hoteli yenye mlinzi, ukala hapohapo na kuitiwa bajaji inayojulikana, utafurahi sana. Tatizo linaanza pale msafiri wa mfuko mdogo anapopata chumba cha bei nafuu kwenye nyumba iliyojitenga, kisha kila jioni anatembea kwenda kutafuta chakula. Jua likizama barabara zinakuwa tupu. Nyumba ziko ndani sana, mbwa ni wengi kuliko watu, na hata ukipiga kelele, atakayesikia ni mlinzi wa nyumba moja mwenye amri ya kutofungua geti.

Shangani kwa mchana, Chikongola kwa usiku. Huo ndio ushauri wangu kwa asiye na usafiri.

Afadhali nikae Mikindani?

Mikindani iko kilomita 10 hivi kutoka mjini, na ni mji mkongwe kuliko Mtwara kwa mbali sana: magofu, milango ya kuchonga, ghuba iliyotulia kama sahani. Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikarabatiwa na sasa ni hoteli. Kwa anayependa utulivu na historia, siku tatu za Mikindani zinatosha kumfanya asahau alikotoka.

Kwa usalama, Mikindani ni mji mdogo na mgeni anaonekana. Nimeshawahi kusahau mwamvuli kwenye kibaraza cha duka na kuukuta kesho yake umewekwa ndani. Ila daladala za kwenda mjini hupungua usiku ukiingia, na bodaboda wa usiku anajua huna njia nyingine, kwa hiyo bei anaipanga yeye. Kama mambo yako yanaishia jioni, kaa Mikindani. Kama una vikao vya mjini hadi saa mbili, utakuwa unakimbizana na daladala kila siku.

Nitaijuaje gesti nzuri?

Anza na daftari. Gesti ya kweli ina daftari la wageni: jina, kabila au uraia, unakotoka, unakokwenda, namba ya kitambulisho, sahihi. Wageni wengi wanaona ni usumbufu. Mimi nikifika mahali nikapewa ufunguo bila kuandikwa, naurudisha. Nyumba isiyotaka kujua wewe ni nani haitaki pia kujua aliyelala chumba cha pili.

Omba kuona chumba kabla ya kulipa, hakuna anayekasirika. Ingia, funga mlango, jaribu komeo la ndani, maana kitasa peke yake hakitoshi: funguo za akiba zinazunguka. Tazama dirisha linaangalia wapi na kama nondo zimeshika. Fungua bomba. Tazama neti kama ina matundu. Kisha uliza wanafunga geti saa ngapi na nani analala mapokezi. Kama baa ipo hapohapo ndani, omba chumba cha upande wa mbali. Si kwa ajili ya kelele tu. Walevi hukosea milango, na saa nane usiku mtu anayetikisa kitasa chako kwa kukosea anatisha sawasawa na anayekusudia.

Usiku mmoja nilifika kwenye gesti niliyokuwa nimeilipia kwa simu, nikaambiwa chumba kimeshapewa mtu, "dada, tulidhani huji". Ilikuwa saa tano. Mhudumu, binti mdogo, alinitandikia godoro nyuma ya kaunta, akalala na mimi hadi asubuhi. Tangu siku hiyo hupiga simu mara mbili: siku moja kabla, na nikiwa njiani.

Basi langu linafika usiku wa manane. Nifanyeje?

Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo swali hili limeongezeka. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 550. Basi la alfajiri hukufikisha jioni, la jioni hukufikisha kabla hakujakucha. Nikiwa na hiari napanda la alfajiri, nifike kukiwa na jua.

Ukifika usiku, stendi ya Mkanaledi haiko mlangoni kwa mtu, lazima upande kitu. Usishuke njiani kwa sababu kondakta amekuambia "hapa ni karibu zaidi na unakokwenda". Shuka stendi, kaa na abiria wenzako, na kama hujapata mwenyeji wa kukupokea, subiri kupambazuke. Utawakuta akina mama wenye mabegi na watoto wanafanya hivyohivyo. Kaa karibu nao, wasalimie, na begi lako litakuwa na macho kumi.

Bodaboda au bajaji?

Usiku, bajaji. Mchana, upendavyo. Patana bei kabla ya kupanda. Uliza kwanza mwenyeji wa gesti nauli ya kawaida ni kiasi gani, ili usianze mazungumzo na macho ya kigeni. Boda asiye na kofia ya kukupa, mwache apite, kwa sababu ajali inaumiza watu wengi kuliko vibaka.

Jambo lenye faida kuliko yote: tafuta dereva mmoja. Siku ya kwanza panda kwenye kijiwe kilicho mbele ya gesti, siyo anayepita tu. Akikupeleka vizuri, chukua namba yake. Siku ya pili mpigie yeye. Siku ya tatu kijiwe kizima kinajua wewe ni abiria wa fulani, na hakuna wa kukusumbua pale, maana ukipatwa na jambo wataulizwa wao. Nimebadilisha mitaa mara nne lakini dereva wa bajaji ni yuleyule. Ameshaoa na kupata watoto wawili, na mara mbili amenisindikiza hospitali.

Mimi ni mwanamke. Nitasumbuliwa?

Utaitwa. "Sista", "mrembo", "we dada wa Dar", hata kama unatoka Iringa. Utaulizwa kama umeolewa, una watoto wangapi, na kama huna, kwa nini. Mengi ya hayo ni mazungumzo tu. Hapa kumuuliza mtu habari zake ni heshima, na wanaume nao huulizwa. Mimi nilijifunza kujibu kwa kifupi na kuendelea kutembea: "Salama, kaka. Za kazi?" Salamu inamfunga mtu. Ukinuna, anaona umemdharau na anakufuata kwa maneno. Ukimsalimu, ameshajibiwa, hana la ziada.

Wazee waamkie. Yule mzee wa kibaraza cha kona, shikamoo yake ya kila asubuhi ndiyo bima yako. Siku utakayochelewa kurudi, yeye ndiye wa kwanza kugundua.

Mavazi: mji huu una Waislamu wengi na watu wa kila dini wanajistiri. Suruali si tatizo, kaptura ya mapajani itakuletea macho. Weka kanga kwenye mkoba. Inafunika kiuno mtaani, inakuwa shuka kwenye gesti usiyoiamini, inakuwa taulo ufukweni. Kuogelea, wanawake wa hapa huingia majini na dera au gauni. Kwenye hoteli za ufukweni hawajali sana.

Likitokea baya zaidi ya maneno, yaani mtu amekulazimisha au amejaribu, nenda hospitali haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Usioge kwanza, usifue nguo. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na huko utapewa fomu ya PF3. Umeumia vibaya? Hospitali kwanza, fomu itafuata.

Nataka kupanga chumba. Nianzie wapi?

Dalali atakupata kabla hujamtafuta. Atataka hela kidogo ya kukutembeza, na ukipata chumba, kodi ya mwezi mmoja iwe yake. Ndiyo desturi. Usichokubali ni kulipa kodi kwa dalali. Kodi mpe mwenye nyumba, mkono kwa mkono au kwenye simu yenye jina lake, na mwandikiane. Niliwahi kuwa wa tatu kati ya watu watatu waliolipia chumba kimoja siku moja. Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa Masasi, hana habari.

Ukishahamia, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ukajitambulishe, na barua yako ya kazi au ya chuo mkononi. Kizazi cha sasa wanaliona hili ni la kizamani. Lakini siku ukigombana na mwenye nyumba, au mtu amevunja mlango wako, kila ofisi utakayokwenda itakuuliza: mwenyekiti anasemaje? Akiwa hakujui, utaanza kujieleza kama mshtakiwa.

Kabla ya kutoa hela uliza Luku ni yako peke yako au mnachangia, choo ni cha wangapi, geti linafungwa saa ngapi, na nani mwingine ana funguo za chumba. Hilo la mwisho usilionee aibu. Nilihama nyumba moja kwa sababu mwenye nyumba alikuwa akiingia "kukagua bati" nikiwa kazini. Nikabadilisha kitasa, akanuna, nikahama. Kitasa nikaondoka nacho.

Ufukwe uko salama?

Mchana, ndiyo. Usiku, usiende peke yako, hata ukiwa umezoea. Simu na viatu uviachavyo mchangani ukiingia majini vina miguu, mwachie mtu.

Hatari kubwa ni bahari yenyewe. Maji ya huku yanakupwa mbali sana. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanakwenda mbali zaidi, na yanaporudi yanarudi kwa kasi, yakijaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako. Mgeni ametembea kwenye mchanga nusu saa akiokota makombe, anageuka, anakuta maji ya kiuno kati yake na nchi kavu. Waulize akina mama wanaokwenda kutafuta pweza: wanatoka lini na wanarudi lini. Wao wakigeuka, geuka. Vaa viatu, kwa sababu ya miiba na makombe, na uburute nyayo badala ya kunyanyua ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba, aliyejifukia mchangani akimbie kabla hujamkanyaga. Miezi ya upepo wa kusi bahari inachafuka. Usipande mashua kwa sababu tu nahodha ana haraka ya nauli.

Msangamkuu na Msimbati ninaweza kwenda mwenyewe?

Msangamkuu ni rahisi: unavuka na kivuko, MV Mafanikio, ukatembea ufukweni. Kabla ya kuvuka uliza safari ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi, kisha rudi na ile inayoitangulia.

Msimbati ni mbali zaidi, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, lipa kwa namba ya malipo ya serikali na ushike risiti. Fukwe zake sijaona mfano, na ndiyo kasoro yake kwa mtu mmoja, kwani unaweza kukaa saa tatu usione mtu. Tafuta wenzako wa safari, au nenda na dereva wako akusubiri. Njiani kuna mitambo ya gesi. Usipige picha mitambo, bandari wala kambi za jeshi. Utachukuliwa simu, na siku yako yote itaishia kwenye benchi.

Mpaka wa Msumbiji vipi?

Hapa sitanii. Tangu Oktoba 2017 kuna vita vya wanamgambo Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa, watu wakauawa. Mjini Mtwara maisha ni ya kawaida na vikosi vya ulinzi vipo. Lakini vijiji vya kando ya mto si mahali pa matembezi. Usiende kwa udadisi. Ukiwa na kazi huko, ripoti kwanza serikali ya kijiji na ubebe kitambulisho. Kwa rafiki wa nje ya nchi: Uingereza, kwa mfano, imekuwa ikiwashauri raia wake wasikaribie kilomita 20 za mpaka huo bila sababu ya lazima, na bima nyingi za safari hufuata ushauri wa namna hiyo. Asome karatasi zake.

Msimu wa korosho unabadilisha nini?

Kila kitu. Kuanzia Oktoba minada inaanza, malipo yanaingia, na hadi mwaka unaisha mji unakuwa na pesa ambayo miezi mingine haipo. Gesti zinajaa, za Tandahimba na Newala ndiyo usiseme. Bei zinapanda. Pikipiki mpya zinaendeshwa na watu waliojifunza juzi. Mabibo yakiiva kuna uraka, pombe ya mabibo, ambao unanyweka kama juisi, na kuna nipa, gongo yake, ambayo haina mzaha. Vibaka wa mikoa mingine nao wanasoma kalenda ya minada.

Katika miezi hiyo lipia chumba mapema, usihesabu pesa kwenye kibanda cha wakala, na usiku rudi mapema kidogo. Nimekagua vyama ambavyo mkulima alilipwa asubuhi na jioni hana kitu. Mara nyingi hakuibiwa, alinunulia watu.

Na Ramadhani?

Mchana sehemu nyingi za kula hufungwa au huweka pazia. Kula ndani, usitembee na chupa ya maji mdomoni. Baada ya futari mji unachangamka hadi usiku sana. Kwa mtembea peke yake ndio mwezi wenye watu wengi zaidi barabarani.

Nikiibiwa nipige kelele za "mwizi"?

Fikiri kabla ya kufungua mdomo. Neno hilo likishatoka si lako tena. Umati utakuja na mawe, hautauliza, na kijana anaweza kufa kwa ajili ya simu ya laki moja na nusu, pengine si yeye aliyeichukua. Nimeona mara moja na sitaki kuona tena. Kama uko hatarini, piga kelele za kuomba msaada, "nisaidieni jamani", ingia duka lolote lililo wazi. Kisha piga 112, au nenda kituoni ukafungue taarifa upate namba ya RB. Mtandao wako mpigie 100 wafunge laini, haraka kuliko unavyofunga kitu kingine chochote, maana pesa zako ziko humo.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" utakuja hata Mtwara. Upeleke 15040 na ulale.

Afya?

Malaria. Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi ya juu nchini, kwa hiyo lala ndani ya neti kila usiku, hata kwenye chumba chenye kiyoyozi. Homa ikikupata, kapime siku hiyohiyo. Usimeze mseto kwa kubahatisha. Mbali na Ligula kuna hospitali ya rufaa ya kanda huko Mitengo.

Vimbunga?

Si vya kila mwaka, lakini si hadithi. Aprili 2019 Kenneth kilitushtua: ofisi na shule zikafungwa, watu wa kando ya bahari wakaambiwa wahame, kisha kikapiga Msumbiji. Mei 2024 mvua za Hidaya zilikata barabara ya Dar upande wa Kilwa na wasafiri wakakwama. Ukisafiri Aprili au Mei, sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, weka akiba ya siku mbili, na usiahidi kuwa ofisini Jumatatu.

Nasikia huko kuna uchawi sana.

Swali hili huja usiku, kwa ujumbe, likianza na "samahani dada". Nimekaa Kusini miaka mingi, nimelala vijiji ambavyo hata ramani imevisahau, na kitu pekee kilichonipotea kimiujiza ni soksi. Usiwaulize wenyeji. Wameshachoka.

Nije na nini ambacho sitakipata huko?

Vyote vipo. Njoo na tochi ya kweli, siyo ya simu, na kufuli dogo la kwako kwa ajili ya begi na mlango. Viatu vya kuingilia baharini. Nakala ya kitambulisho, uiache mbali na pochi. Chenji ya bajaji. Korosho usibebe, hata kama umenunua njiani Mnazi Mmoja ya Lindi ukadhani umepata bei.